RAM ya Shemeji: Washukiwa Tisa, Tukianza na Asiye na Kosa

Shemeji yangu anapiga video za harusi. Anapiga vizuri, na hajawahi kukata kichwa cha bwana harusi kwenye picha, hata pale kilipostahili kukatwa. Juzi akajichanga, akanunua vifaa vya kompyuta mpya ya mezani ya kuhariria: prosesa ya Ryzen 7000, RAM za DDR5 vipande vinne vya GB 16, kila kimoja kimeandikwa 6000 kwa herufi za kujidai, na taa zinazobadilika rangi kama ukumbi wa sendofu. Tukaifunga Jumapili, ikawaka, tukala pilau.

Jumatatu ikazima mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Jumanne video ya saa mbili ikatoka na bibi harusi mwenye miraba ya kijani usoni. Mama wa bibi harusi akampigia shemeji, shemeji akanipigia mimi. Mimi ndiye fundi wa ukoo, cheo kisicho na mshahara ila kina lawama za kutosha.

Nimewapanga washukiwa kuanzia asiye na kosa hadi mwenyewe. Ukiwa na haraka, ruka hadi namba moja. Ila shemeji naye alikuwa na haraka, na yaliyomkuta umeshayasikia.

9. Vumbi, na kile kifutio cha penseli

"Shem, chomoa uchomeke tena." Ushauri huu ni wa tangu enzi za kaseti za gemu tulizokuwa tukizipuliza hadi tunaona nyota. Hauna ubaya. Ubaya unaanza pale mtu anapotoa kifutio cha mtoto wa darasa la tatu na kusugua miguu ya RAM. Ile rangi ya njano ni dhahabu halisi, nyembamba mno, na kazi yake ni kuzuia kutu. Ukiisugua, umeondoa mlinzi ili usafishe geti. Kitambaa laini na spiriti kidogo vinatosha.

Lakini kuna kosa la kweli limejificha hapa. Mazabodi nyingi za siku hizi zina kibano upande mmoja tu wa sloti. Unabonyeza, upande huo unalia *ta*, unaridhika, kumbe upande wa pili umekaa kitako nusu kama abiria wa daladala. Bonyeza pande zote mbili. Na kama RAM inagoma kabisa kuingia, usitumie goti: DDR4 na DDR5 zote zina miguu 288, ila pengo la katikati limesogezwa makusudi ili mtu wa aina yako asifanikiwe.

Za shemeji zilikuwa zimekaa sawasawa. Nilizifunga mimi.

8. Nyota za mbinguni

Usicheke. Mwaka 2003, kwenye uchaguzi wa Schaerbeek huko Ubelgiji, mgombea mmoja alikutwa na kura 4,096 za ziada, nyingi kuliko zilizowezekana. Wakakagua programu na mashine, wasione kosa. Namba 4,096 kwa lugha ya kompyuta ni biti moja tu iliyogeuka kutoka sifuri kuwa moja, na maelezo yaliyobaki mezani yakawa ni chembe ya mnururisho kutoka anga za juu iliyopita kwenye kumbukumbu ya mashine.

Shemeji akaipenda hii kupita kiasi. "Kwa hiyo ni Mungu tu, shem." Hapana, shem. Nyota hazizimi mashine mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, tena siku ya kazi.

Atatokea mjuaji akwambie DDR5 haiwezi kukosea kwa sababu ina kisahihishaji cha makosa ndani yake. Kipo kweli, ndani ya kila chipu, na kinarekebisha biti inayoharibika humo ndani. Barabara kutoka kwenye chipu hadi kwenye prosesa hakiilindi hata kidogo, na kwenye kasi kubwa ajali zinatokea barabarani. Ni kama mlinzi wa nyumbani: ukikabwa kituo cha basi, yeye hahusiki.

7. Windows

Skrini ya bluu ya kwanza ilisema MEMORY_MANAGEMENT. Ya pili ikasema IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Ya tatu WHEA fulani. Ukiona kosa linakuja na jina jipya kila mara, kama mdaiwa anayebadilisha laini ya simu, acha kulaumu programu. Programu mbovu ina tabia moja, inaangukia palepale kila siku. RAM inayotetereka huangusha yeyote aliyepita jirani.

Na shemeji alikuwa ameshaweka Windows upya mara mbili juu ya RAM ileile. Kila faili linalonakiliwa linapitia kwenye RAM kwanza, kwa hiyo alikuwa anapiga deki na maji ya mtaro.

6. Skrini nyeusi ya dakika kumi

Huyu hana kosa kabisa, ila amesingiziwa kuliko wote.

Ukiwasha mashine ya DDR5 kwa mara ya kwanza, hasa ya AMD ya soketi ya AM5, kinachofuata ni giza. Feni zinazunguka, taa ndogo ya rangi ya chungwa yenye neno DRAM inawaka kwenye mazabodi, skrini haina habari na wewe. Wakati huo prosesa na RAM wanafundishana. Wanajaribu nyakati za kusoma na za kuandika, waya kwa waya, hadi wakubaliane. Zilipotoka mazabodi za AM5 mwaka 2022, kampuni ya ASRock ilibandika stika juu ya sloti kuwaeleza watu wasubiri muda gani: kwa vipande vinne vya GB 32, sekunde 400. Karibu dakika saba za kutazama kioo cheusi, na hapo umetoka kulipa mamilioni.

Shemeji alikuwa akisubiri sekunde arobaini, anazima, anawasha tena. Mafunzo yanaanza upya. Ni sawa na kumwamsha mtoto kila baada ya dakika tano umuulize kama amelala.

"Sasa ungejuaje kama imekufa au inasoma?"

"Kwa kukaa kimya, shem. Robo saa. Nenda kanunue vocha."

Robo saa ikipita bila dalili, zima, chomoa waya wa umeme, futa mipangilio ya BIOS kwa kutoa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache au kwa kugusanisha vile vijiti viwili vilivyoonyeshwa kwenye kitabu cha mazabodi, kisha washa na kipande kimoja tu. Kuna pia kipengele kwenye BIOS kinachoitwa Memory Context Restore. Kinahifadhi matokeo ya mafunzo ili kesho mashine iwake haraka. Kizuri, ila kwenye mashine inayosumbua kizime kwanza: inawezekana inatumia majibu ya mtihani wa jana kwa maswali ya leo.

5. Kukaa kiti kisicho chako

Vipande viwili hukaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Mazabodi nyingi zinaziita A2 na B2. Ukikaa ya kwanza na ya tatu, ile njia ya shaba inaendelea mbele yako hadi kwenye sloti tupu, mawimbi yanagonga mwisho na kurudi yakipiga mwangwi. Kwenye 4800 pengine hutaona kitu. Kwenye 6000 utaona.

"Mimi hainihusu," shemeji akasema, "nimejaza zote nne."

Cheka tu, shem. Tutaonana namba moja.

4. Joto, na kitambaa cha mama mkwe

Hapa nilipata mshtakiwa wa kwanza mwenye mikono michafu.

Kila chembe ya RAM ni kama kikombe kidogo cha umeme kinachovuja. Mashine inapita kukijaza tena makumi ya mara kwa sekunde, na kadiri joto linavyopanda ndivyo kinavyovuja haraka. Kanuni za JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya RAM duniani, zinaruhusu mwendo wa kawaida wa kujaza hadi nyuzi 85, juu ya hapo ujazaji unatakiwa uwe maradufu. Lakini hiyo ni kwa RAM inayoenda mwendo wake wa asili. Ile iliyobanwa taimingi na kuongezewa volti inaweza kuanza kukosea ikiwa kwenye nyuzi hamsini na kitu au sitini. Halafu DDR5 imebeba kidhibiti chake cha umeme mgongoni, kazi ambayo kwenye DDR4 ilikuwa ya mazabodi, kwa hiyo kipande chenyewe ni kama chungu kilichobeba jiko lake. Hewa ya moto ya kadi ya picha nayo inapandia hapohapo.

Sasa ongeza Dar es Salaam mwezi wa pili, chumba kisicho na kiyoyozi, kasha limesukumwa ndani ya kabati la vyombo. Na juu ya kasha, pale juu kwenye matundu ya kutolea hewa, kimetandikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya zambarau. Amekifuma mama yake shemeji. Yaani mama mkwe wangu.

Nyie mnaojua kuongeza kasi ya prosesa, hamjui kazi. Kazi ni kukitoa kile kitambaa. Nilieleza kwamba ni kizuri mno kukaa juu ya mashine, kinastahili kabati la sebuleni, wageni wakione. Kikahamishwa kwa heshima zote. Mashine ikatolewa kabatini, joto la RAM likashuka kutoka 61 hadi 52 wakati wa kazi nzito, na kuzima kukapungua kutoka mara tatu kwa siku hadi mara moja.

Mara moja bado ni mara moja. Ila ikiwa mashine yako inapita majaribio alfajiri na kufeli alasiri, anza na feni kabla hujaanza na waganga.

3. Prosesa yenyewe

Watu husahau kwamba msimamizi wa RAM anaishi ndani ya prosesa. Prosesa mbili za jina moja, kutoka trei moja, moja inaweza kuimudu 6400 na nyingine ikalia kwenye 6000. Hiyo ni bahati nasibu, na hairudishiwi hela.

Kaza skrubu za kipoozeo kupita kiasi au kwa upande mmoja, na unaweza kuwasha mashine ukakuta nusu ya RAM haionekani. Hujaibiwa. Umeiminya prosesa ikaacha kugusana vizuri na soketi. Kwenye AM5 zile ndevu za kugusanisha ziko kwenye soketi, si kwenye prosesa kama zamani, na mmoja tu ukipinda unaweza kupoteza upande mzima.

Kwa Intel kuna kisa kikubwa zaidi. Baadhi ya prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiangusha gemu kwa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, wakati kadi ina nafasi ya kutosha kuchezea mpira. Watu wakabadilisha RAM, wakabadilisha kadi, wakabadilisha na marafiki. Mwaka 2024 Intel wakakiri kwamba prosesa zilikuwa zinapewa volti kupita kiasi na kuchakaa kabla ya wakati, wakatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Iliyokwisha kuchakaa hairudi ujanani.

Na yule anayekwambia "ongeza volti kidogo tu" muulize kama atakununulia nyingine. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za AM5 ziliungua, na AMD wakaagiza watengenezaji wa mazabodi waweke kikomo cha volti 1.3 kwenye sehemu ya SoC, sehemu ileile ambayo mazabodi hupenda kuipandisha ili RAM ya kasi itulie.

Ya shemeji ilikuwa nzima. Niliikagua kwa kioo cha kukuzia, naye amenishikia tochi anauliza kama naona kitu. Nilikuwa naona kidole chake.

2. BIOS ya zamani, na sifa nilizozipata bure

Mazabodi ilitoka dukani na BIOS ya toleo la mwanzo. Kwa AM5 hilo ni jambo zito: AMD wamekuwa wakitoa marekebisho ya AGESA, ile programu ya msingi inayoiamsha prosesa na kuifundisha RAM, na matoleo ya mwanzo yalikuwa mabishi kwa RAM nyingi. Unapakua faili kutoka kwa mtengenezaji, unaweka kwenye flashi ya FAT32, unasasisha.

Tatizo ni umeme. Ukikatika katikati, una tofali la bei ghali, labda kama mazabodi yako ina kitufe cha Flashback cha kuifufua. Niliazima UPS kwa jirani, nikaanza saa nane usiku mtaa umelala, shemeji kasimama mlangoni kama mtu aliye nje ya chumba cha kujifungulia. Asilimia 40. Asilimia 70. Friji ikanguruma, wote tukaruka. Asilimia 100.

Siku mbili mashine haikuzima. Hata mara moja! Shemeji akatangaza kwenye grupu la familia kwamba nina mkono wa baraka. Mama mkwe akatuma maandazi. Nikayala.

Siku ya tatu shemeji akaingia kwenye BIOS, akaona kipengele cha EXPO, kile cha kuipandisha RAM hadi namba ya kwenye boksi, kimezimwa, akakiwasha kwa sababu "nimelipia 6000 bwana". Baada ya dakika ishirini, bluu.

Sasisho lilikuwa limerudisha mipangilio yote ya kiwandani. Siku zile mbili RAM ilikuwa inatembea polepole, na kilichoiponya ni huo mwendo wake, si mkono wangu. Maandazi sikuyarudisha.

1. Namba iliyoandikwa kwenye boksi

Ndiye huyu. 6000.

Ile namba ni ahadi ya upande mmoja. Aliyetengeneza RAM anasema chipu zake zinaweza. Prosesa haijasaini popote. AMD kwenye karatasi za Ryzen 7000 wanatambua 5200 kwa vipande viwili. Kwa vipande vinne wanatambua 3600, na hapo sijakosea kuandika. EXPO ya AMD na XMP ya Intel ni mapishi yaliyohifadhiwa ndani ya RAM ya kuipeleka nje ya kiwango, na AMD wenyewe wameweka kwa maandishi madogo kwamba kuipeleka kumbukumbu nje ya viwango vyao, hata kwa EXPO, kunafuta dhamana ya prosesa. Boksi lina maandishi makubwa. Wewe ulisoma makubwa.

6000 yenyewe maana yake ni mihamisho milioni 6,000 kwa sekunde kwenye kila waya. Saa ya RAM inapiga megahezi 3,000, na kila pigo linabeba mbili. Kila mhamisho una sehemu ya sita ya nanosekunde. Kwa muda huo mwanga angani unasafiri sentimita tano tu, na umeme kwenye njia za mazabodi unapata kama nusu ya hapo. Sasa kwenye kila njia weka RAM mbili badala ya moja, kila moja inavuta ishara kwake na kurudisha mwangwi kwa mwenzake. Kuongeza vipande kwenye DDR5 si kama kuongeza viti ukumbini. Ni kama kuongeza MC wa pili kwenye maiki moja.

Nikachomoa vyote, nikavigeuza nisome stika. Shemeji alinunua maboksi mawili, kila moja vipande viwili, kwa wauzaji wawili tofauti. Chapa moja, rangi moja, 6000 zote. "Mapacha hawa, muuzaji ameniapia." Boksi moja limeandikwa taimingi ya CL30, la pili CL36. Nikafungua programu ya CPU-Z kwenye ukurasa wa SPD: pea moja ina chipu za SK Hynix, nyingine za Samsung. Mapacha wa baba mmoja, mama wawili, wasiosalimiana. Hata maboksi mawili yenye namba zinazolingana kila herufi mtengenezaji hakuhakikishii kwamba yataelewana. Hakikisho ni kwa vilivyomo ndani ya boksi moja.

Kilichobaki ni ushahidi. Memtest86+ ni ya bure, inakaa kwenye flashi, inawaka yenyewe bila Windows. Usiku wa kwanza pea ya Hynix peke yake, 6000, hadi asubuhi: sifuri. Usiku wa pili pea ya Samsung peke yake, 6000: sifuri. Usiku wa tatu zote nne, 6000. Sikuwa hata nimekoroga sukari kwenye chai. Mistari myekundu ikaanza kushuka kama tangazo la msiba, na kaunta ikapita 200 nikiwa bado nimeshika kijiko. Nikazima EXPO, zikarudi 3600, zote nne: sifuri hadi jua linachomoza.

"Kwa hiyo hakuna kilichoharibika," shemeji akasema taratibu.

"Hakuna."

"Na nimelipia 6000."

"Umelipia 6000 mara mbili, shem. Hukulipia 6000 ya wanne."

Alikuwa na njia tatu. Kubaki na nne kwenye 3600. Kupandisha kidogokidogo kwa mkono, 4000, 4400, na kupima usiku mzima kwa kila hatua, kazi ambayo kwa shemeji huwa ya bure, na fundi alishachoka. Au kutafuta boksi moja lenye vipande viwili vya GB 32, lililomo kwenye orodha ya RAM zilizojaribiwa na mtengenezaji wa mazabodi.

Akachagua boksi moja. GB 64 zilezile, sloti A2 na B2, EXPO imewashwa, 6000, usiku mbili za majaribio bila kosa. Harusi ya Jumamosi iliyopita imetoka, na kijani pekee kilikuwa kwenye vitenge vya kamati.

Pea ya CL30 imepata mteja. Ile ya CL36 ipo kwenye droo yangu ndani ya boksi lake, nzima, haina kosa hata moja. Mwenye mashine ya vipande viwili aje nayo tuijaribu kabla hajalipa. Aje na taslimu, shemeji hakopeshi.